Zawadi ya Vipodozi kwa Msichana Mdogo: Tazama Kilichomo Kabla ya Kumpa

Kila mwaka shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, zawadi nyingi husafiri. Mashangazi na mama wadogo wanaofanya kazi Dar es Salaam, Mwanza au Arusha hurudi nyumbani na mifuko, na watoto huwasubiri kituoni. Zawadi nyingine hutolewa siku ya Komunyo ya Kwanza, siku ya Kipaimara, au msichana anapomaliza mtihani wa elimu ya msingi. Wazee wetu walizoea kumpa msichana kitambaa cha gauni, viatu au jozi ya kanga. Leo si ajabu kumwona mtoto wa miaka tisa akifungua kikasha chenye kioo, na ndani yake mna poda, wanja, rangi ya midomo, rangi ya kucha na kichupa cha manukato.

Anayetoa zawadi hiyo hana nia mbaya. Anampenda mtoto, naye anakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akijipaka poda ya mama yake kwa siri. Hata hivyo, wahenga walituonya juu ya uzuri wa mkakasi, kwamba ndani ni kipande cha mti. Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unafungua kikasha hicho na kutazama kitu kimoja kimoja: kipi hakina madhara, kipi kina madhara madogo, na kipi kinaweza kumharibia mtoto figo, macho au ngozi kwa maisha yake yote.

Ngozi ya mtoto ikoje?

Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima. Tena, ukilinganisha na uzito wake, mtoto ana eneo kubwa la ngozi. Maana yake ni kwamba krimu ile ile, ikipakwa mama na mwanawe, humwingizia mtoto dawa nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake. Pia mtoto hulamba midomo, hunyonya vidole na hujifikicha macho. Kwa hiyo alichopakwa usoni na kwenye kucha hakikai pale pale. Sehemu yake huishia tumboni.

Ini na figo za mtoto, na zaidi ubongo wake, bado vinakua. Sumu ambayo mtu mzima huivumilia kwa muda mrefu huweza kumdhuru mtoto kwa kiasi kidogo. Kwa sababu hiyo, hatuwezi kusema, "Mimi nimeitumia miaka kumi na sijaona lolote, basi hata binti yangu aitumie."

Krimu za kung'arisha: zawadi mbaya kuliko zote

Tuanze na jambo zito. Kati ya vitu vyote vinavyowekwa katika kikasha cha zawadi, hakuna kibaya kama krimu au sabuni ya kung'arisha ngozi, pamoja na ule mchanganyiko unaoitwa mkorogo. Vitu vitatu hupatikana mara nyingi katika krimu hizo.

Cha kwanza ni zebaki. Madini haya huzuia ngozi isitengeneze rangi yake ya asili, lakini hupenya na kuingia katika damu, na huziharibu figo. Jambo hili tulilijua mapema hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa ya wagonjwa 60 waliokuwa wamevimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikipoteza protini katika mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Zebaki pia huleta vipele, hupunguza uwezo wa ngozi kupambana na bakteria na fangasi, na huweza kumfanya mtu awe na wasiwasi, huzuni na ganzi ya mikono na miguu. Wala haibaki kwa anayejipaka tu. Hushika kwenye taulo na mashuka, na hutoa mvuke, hivyo mtoto anayelala na mama yake naye huipata.

Cha pili ni haidrokwinoni. Ikitumiwa muda mrefu, hasa juani, huweza kuleta mabaka meusi yenye rangi ya bluu kwenye mashavu na kuzunguka macho. Mtu alitafuta weupe, akapata weusi usiotoka.

Cha tatu ni dawa za steroidi zenye nguvu. Hizi ni dawa halali za magonjwa ya ngozi, zikitolewa na daktari kwa muda maalumu. Zikigeuzwa kuwa krimu ya kila siku, ngozi hukonda na kuwa kama karatasi, michirizi hutokea mapajani na mikononi, chunusi huongezeka, na vidonda huchelewa kupona. Zikiingia mwilini kwa wingi huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, na kwa mtoto huweza kuzuia kukua.

Serikali za dunia zimelikubali jambo hili. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Unaitwa kwa jina la mji wa Japani ambako watu wengi waliugua na kufa katika karne iliyopita kwa kula samaki wenye zebaki. Tanzania imeuridhia. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba kufikia mwaka 2025 pasiwepo tena kutengeneza wala kuuza nje au kuingiza nchini kipodozi chochote kilichotiwa zebaki. Hata hivyo, katika masoko na minada krimu hizo zimeendelea kuonekana. Kama wasemavyo wahenga, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Zaidi ya sumu hiyo, zawadi hii ina ujumbe. Msichana wa miaka kumi na mbili akipewa krimu ya weupe na shangazi anayempenda, anasikia neno moja tu: "Rangi yako ina kasoro." Maneno ya shangazi huaminiwa. Atakua akiamini hivyo, na kopo likiisha atatafuta jingine.

Wanja wa macho

Wanja ni pambo la zamani katika pwani yetu na katika nchi za Kiarabu, na baadhi ya akina mama huwapaka hata watoto wachanga. Tatizo ni kwamba aina nyingi za wanja wa kienyeji husagwa kutoka katika jiwe lenye madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hunyonya risasi inayoingia tumboni mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na madhara yake makubwa yako kwenye ubongo: mtoto huwa mzito wa kujifunza, hukosa utulivu darasani, na pengine hupungukiwa damu. Madhara hayo kwa kawaida hayarudi nyuma.

Kwa hiyo mtoto mchanga asipakwe wanja kabisa, na msichana mdogo asipewe wanja wa unga usio na jina la mtengenezaji. Msichana mkubwa akitaka wanja, na awe nao wa kalamu, ulioandikwa vilivyomo na uliosajiliwa.

Hina nyeusi na piko

Hina ya asili hutoka katika majani ya mhina. Rangi yake huanza ya chungwa, kisha hukoza kuwa nyekundu au kahawia, nayo huhitaji saa kadhaa ili ishike. Kwa watu wengi hina hiyo haina shida. Lakini kuna ile inayoitwa hina nyeusi, na kuna piko, ambayo kwa kweli ni rangi ya nywele. Hizi hushika haraka na kutoa weusi mkali, na mara nyingi zina kemikali iitwayo parafenilenediamini.

Kemikali hiyo ikipakwa moja kwa moja kwenye ngozi huweza kuleta mzio mkali. Baada ya siku chache, pengine hata wiki mbili, ua lililochorwa mkononi huanza kuwasha, kuvimba na kutoa malengelenge kwa mchoro ule ule. Likipona huweza kuacha alama. Tena mwili hausahau. Msichana aliyepata mzio huo akiwa na miaka minane, akija kupaka rangi ya nywele akiwa na miaka thelathini anaweza kuvimba uso mzima. Kemikali hiyo ikimezwa ni sumu ya kuua: huvimbisha koo na kuharibu figo. Kwa hiyo kopo la piko lisiachwe mahali mtoto anapoweza kulifikia.

Katika harusi na sikukuu, basi, mtoto apakwe hina ya majani tu, na mama amuulize mpakaji kabla mkono haujanyooshwa.

Poda, rangi ya midomo na rangi ya kucha

Poda nyingi hutengenezwa kwa jiwe la talki. Ardhini, talki na asbesto huweza kukaa jirani, na kama mgodi haukuchaguliwa vizuri, asbesto huingia katika poda. Asbesto ikivutwa husababisha saratani ya mapafu na ya utando wake. Hili si jambo la kufikirika. Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kwamba vipimo vimeonyesha asbesto katika vipodozi kadhaa, na baadhi yake vilikuwa vya maduka yanayouzia wasichana wadogo. Poda ya kujipiga puani mtoto hana haja nayo.

Rangi ya midomo humezwa kidogo kidogo. Ile ya bei ya chini sana, isiyo na jina wala anwani, huweza kuwa na rangi zisizoruhusiwa kwa kitu kinachoingia mdomoni.

Rangi ya kucha ina vimiminika vinavyotoa harufu kali. Katika chumba kisicho na hewa, mtoto huumwa kichwa, na mwenye pumu huweza kubanwa. Dawa ya kuiondoa hushika moto upesi, kwa hiyo kamwe isitumike karibu na jiko, mshumaa au kibatari. Gundi ya kucha na kope za bandia si ya watoto hata kidogo. Ikiingia jichoni hugandisha kope.

Katika siku za karibuni limezuka jambo jingine. Wasichana wadogo wanaiga picha za kwenye simu na kujipaka krimu za kuondoa makunyanzi, ambayo hawana. Krimu hizo zina retinoli na asidi za kuchubua, ambazo huwasha ngozi changa na kuifanya iungue juani kwa urahisi. Mwaka 2024 kampuni moja ya maduka ya dawa nchini Sweden iliamua kutowauzia baadhi ya krimu hizo watoto walio chini ya miaka 15 bila idhini ya mzazi.

Kuchangia vipodozi

Msichana akipewa kikasha, haendi nacho chumbani peke yake. Dada zake, binamu na marafiki wa jirani watajipaka pia. Hapo ndipo magonjwa hupita. Kalamu ya wanja na brashi ya kope hupeleka ugonjwa wa macho mekundu kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Wengi wetu tunakumbuka ulivyosambaa Dar es Salaam na mikoa mingine mwanzoni mwa mwaka 2024. Rangi ya midomo hupeleka malengelenge ya mdomoni. Sifongo ya poda hupeleka fangasi.

Kanuni ni rahisi: kitu cha jicho na cha mdomo ni cha mtu mmoja, kama mswaki. Brashi ya kope itupwe baada ya miezi mitatu. Mtu akiugua macho, alichokuwa akitumia kitupwe chote, hata kama bado kimejaa.

Je, msichana wa umri gani apewe nini?

1. Chini ya miaka 10: asipewe vipodozi vya rangi vya kutumia kila siku. Akitaka kucheza, mpe penseli za rangi na karatasi. Siku ya sherehe mama anaweza kumpaka mafuta mazuri na kumsuka nywele kwa mtindo anaoupenda, bila kuzivuta mno.

2. Miaka 10 hadi 13: mwili unaanza kubadilika, jasho linaongezeka, chunusi zinatokea. Anachohitaji ni sabuni isiyo kali, mafuta mepesi, na mtu wa kumweleza kwamba chunusi ni jambo la umri na si uchafu. Asizikamue, wala asizifunike kwa poda nzito.

3. Miaka 14 na kuendelea: mzazi akikubali, rangi nyepesi ya midomo au wanja wa kalamu kwa siku za sherehe si kosa la kiafya, mradi ni vyake peke yake, vimesajiliwa, na anaviosha kabla ya kulala. Shule nyingi haziruhusu vipodozi, na jambo hilo liheshimiwe.

Jinsi ya kukagua kabla ya kununua

Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi Tanzania Bara iko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kabla ya hapo ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa. Unaponunua, fanya haya:

Nunua katika duka ambalo unaweza kulirudia, na ulizie kama bidhaa imesajiliwa na TBS. Soma jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na tarehe ya mwisho. Tazama mchoro mdogo wa kopo lililo wazi: namba iliyoandikwa hapo, kama 6M au 12M, ni idadi ya miezi ya kutumia tangu kufungua. Kwenye orodha, ukiona neno "mercury", "calomel" au herufi "Hg", rudisha. Ukiona onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha au vito, tambua kuwa hiyo ni dalili ya zebaki. Krimu iliyopimwa kwa kijiko na kutiwa katika kopo lisilo na karatasi, usiinunue kwa bei yoyote.

Kitu kipya kijaribiwe kwanza. Pakaa kidogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku saba hadi kumi. Kikiwasha au kuleta wekundu, osha na uache.

Zawadi ikiwa imekwisha kuletwa

Hapa ndipo ugomvi huanza katika familia nyingi. Tuseme wifi yako amekuja kutoka mjini na krimu ya kung'arisha, na mtoto amekwisha kuifungua mbele ya watu. Ukimnyang'anya pale pale, umemwaibisha wifi na kumliza mtoto. Ukinyamaza, umeruhusu sumu ndani ya nyumba.

Mshukuru mbele ya wote kwa kumkumbuka mtoto. Jioni, mkiwa jikoni wawili, mwambie wazi: "Wifi, najua umenunua kwa upendo. Krimu hii ina kitu kinachoharibu figo, nawe pia nakuomba uiache." Huenda yeye mwenyewe anaitumia, na ninyi wawili mtakuwa mmesaidiana. Kisha mweleze mtoto kwa nini kopo halitatumika, na umpe kitu kingine badala yake, ili asidhani ameadhibiwa. Kopo lenye zebaki lisichomwe moto, kwa maana mvuke wake ni sumu. Lifunge vizuri, liweke mbali na watoto, na umuulize bwana au bibi afya mahali pa kulipeleka.

Nanyi mashangazi na mama wadogo, jambo dogo linazuia yote haya: mpigie simu mama wa mtoto kabla ya kununua.

Likitokea la kutokea

Ngozi ikiwasha au kuungua: osha kwa maji mengi safi, wala usipake dawa ya meno au mafuta mengine. Kipodozi kikiingia jichoni: mwagilia maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda zahanati. Mtoto akimeza: usimlazimishe kutapika, mpeleke upesi kituo cha afya pamoja na kopo lenyewe, ili mganga asome kilichomo. Msichana aliyekuwa akitumia krimu ya kung'arisha kisha akavimba uso asubuhi, au miguu, au akakojoa mkojo wenye povu jingi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na figo zake zipimwe. Mwambie daktari ukweli juu ya krimu, kwa kuwa bila kuambiwa hawezi kujua.

Zawadi gani basi?

Msichana anayeingia katika umri wa kubalehe anataka ishara kwamba jamaa zake wameona anakua. Haja hiyo ni ya kweli, na inaweza kutimizwa. Mshonee au mnunulie mfuko mzuri wa kitambaa wenye zipu. Ndani weka sabuni nzuri, kopo la mafuta ya mgando au ya nazi, kitana, kioo kidogo, leso, na pakiti mbili za taulo za kike. Kama ana miaka ya kutosha na mama yake amekubali, ongeza mafuta ya midomo yasiyo na rangi. Mfuko kama huu utamwokoa siku atakayopata hedhi yake ya kwanza akiwa shuleni, na atamkumbuka aliyempa.

Kama binti ana ualbino, zawadi iliyo bora ni mafuta ya kuzuia jua, kofia pana na gauni la mikono mirefu. Mafuta ya namna hiyo hutengenezwa hapa hapa nchini, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi. Kwake yeye hayo si urembo. Ni kinga ya saratani.

Na pamoja na mfuko huo, mpe nusu saa yako. Keti naye, msuke nywele, mjibu maswali anayoona haya kumuuliza mama yake. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Msichana aliyefundishwa mapema kusoma karatasi ya kopo na kuridhika na rangi ya ngozi yake, muuza mkorogo atapita mlangoni kwake na bidhaa zake, naye hataitwa.